BARUA YA KARANI: Mwalimu Akijifungua, Nani Humlisha?



Juma hili nataka tuzungumze habari za mabibi walimu wanaofundisha katika shule za binafsi, na habari ya mshahara wao siku za uzazi. Najua wengine mtasema, karani ameacha mambo ya ubatizo na ndoa, sasa ameingia mambo ya serikali. Ngojeni kwanza. Katika vijiji vyetu karibu kila jumuiya ina binti aliyemaliza chuo cha ualimu, akakosa nafasi serikalini, akapata kazi katika shule ya binafsi. Nyingine ni ya mtu mmoja, nyingine ya kampuni, nyingine ya jimbo au ya masista. Binti huyo ni mtoto wenu. Tena wengi wenu mnalipa karo katika shule hizo, na baadhi yenu mmo katika bodi na kamati zake. Basi neno hili lawagusa ninyi mliomzaa mwalimu, na ninyi mnaomwajiri.

Swali lenyewe ni fupi. Mwalimu akijifungua, nani humlisha yeye na mtoto wake katika siku zile asizoweza kusimama mbele ya darasa? Wengine hujibu upesi: mume wake. Wengine: wazazi wake. Mwenye shule mmoja alinijibu kwa kicheko: "Mungu." Jibu lake si baya, lakini Bunge lilikwisha kutunga majibu mengine, nayo ni mawili, wala si moja. Watu wengi huyachanganya, na katika kuyachanganya ndipo mama hupoteza haki yake.

Jibu la kwanza ni mwajiri mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, yasema kwamba mwanamke aliyeajiriwa apewe likizo ya uzazi ya siku zisizopungua 84, naye alipwe mshahara wake. Akijifungua pacha au zaidi, siku ni 100. Likizo yaweza kuanza wiki 4 kabla ya siku anayotazamiwa kujifungua, au mapema zaidi kama daktari ameona hivyo. Baada ya kujifungua, mama haruhusiwi kurudi kazini kabla wiki 6 hazijapita, isipokuwa kwa neno la daktari. Na mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, mama aweza kupata siku 84 nyingine za kulipwa akizaa tena ndani ya muda ule ule wa kuhesabu likizo, ambao ni miezi 36. Mwajiri hafungwi kutoa likizo ya namna hii zaidi ya mara 4 kwa mwajiriwa mmoja.

Angalieni neno moja hapo. Sheria hii haikusema mwalimu wa serikali, wala haikusema shule kubwa yenye majengo ya ghorofa. Imesema mwajiriwa. Shule ya chekechea yenye walimu 3 katika nyumba ya kupanga imo. Shule ya parokia imo. Aliye chini ya miezi 6 kazini ndiye asiyekuwa bado na haki ya likizo yenye malipo. Akipita hapo, amefika. (Haya yote ni ya Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria zao na mfuko wao, ZSSF.)

Mama naye ana wajibu wake. Yampasa kumpa mwajiri taarifa miezi 3 kabla ya siku anayotazamiwa kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Hapa ndipo desturi zetu hugongana kidogo na karatasi. Sisi tumefundishwa na bibi zetu kwamba mimba haitangazwi. Macho ya watu ni mengi. Nami sitaki kubishana na bibi wa mtu. Lakini hesabu wenyewe: miezi 3 kabla ya kujifungua ni mwezi wa 6 wa mimba. Mwezi wa 6 hakuna gauni linaloficha, na wanafunzi wa darasa la kwanza walikwisha kusema. Basi kuandika barua wakati huo si kuitangaza siri, kwa kuwa siri imekwisha. Aandike nakala mbili, mkuu wa shule aweke sahihi na tarehe katika nakala moja, nayo ikae nyumbani kwa mwalimu, si katika kabati la ofisi ya walimu. Nimekwisha kuona barua zilizopotea katika makabati.

Jibu la pili ni Mfuko, yaani NSSF. Wazee wanaukumbuka kwa jina la zamani la akiba ya wafanyakazi, NPF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1964. Mfuko ule ulikuwa wa kuweka na kutoa tu. Mwaka 1997 ilitungwa sheria mpya, Namba 28, iliyougeuza kuwa mfuko wa hifadhi ya jamii, wenye pensheni na mafao mengine, na fao la uzazi limo. Zamani walimu wengi wa shule za binafsi walikuwa katika mfuko mwingine ulioitwa PPF. Mwaka 2018 mifuko ile iliunganishwa: watumishi wa serikali wakawekwa PSSSF, na waajiriwa wapya wa sekta binafsi huandikishwa NSSF. Kwa hiyo binti akianza kazi leo katika shule ya binafsi, mlango wake ni NSSF.

Mchango ni 20 kwa kila 100 ya mshahara. Mwajiri haruhusiwi kumkata mwalimu zaidi ya 10. Zinazobaki atoe mwenyewe, kisha apeleke zote kwenye Mfuko kabla mwezi unaofuata haujaisha. Tuseme mwalimu ana mshahara wa shilingi 400,000. Anakatwa 40,000, shule inaongeza 40,000, zinapelekwa 80,000.

Fao lenyewe ni hili. Mwanachama akiwa amechangiwa miezi isiyopungua 36, na katika hiyo miezi 12 iwe ndani ya miaka 3 ya karibuni kabla ya kujifungua, Mfuko humlipa wastani wa mshahara wake kwa wiki 12, wiki 4 kwa ajili ya kabla ya kujifungua na wiki 8 kwa ajili ya baada yake. Kwa mwalimu wetu wa shilingi 400,000 ni kama shilingi 1,120,000 hivi. Fedha hiyo si ya mwajiri, wala mwajiri hawezi kusema, "Kwa kuwa NSSF watakulipa, mimi sikulipi." Likizo yenye mshahara ni deni la shule. Fao ni tunda la michango. Hayo ndiyo majibu mawili niliyoyasema, na kila moja lasimama kwa miguu yake.

Sasa niwaelezeni jambo linaloniudhi, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Alikuja ofisini kwangu mwalimu mmoja, mama wa mtoto mchanga, kuandikisha ubatizo. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni, na mkononi ana bahasha ya kaki. Tulipomaliza kuandika majina ya wasimamizi akasema, "Kaka karani, wewe ulisomea ualimu, nisomee haya." Ndani ya bahasha mlikuwa na hati zake za mshahara za miaka 4, zimepangwa vizuri kwa miezi, kama mwalimu anavyopanga madaftari. Kila hati ilionyesha makato ya NSSF. Miezi 48, makato 48. Chini yake ilikuwapo karatasi aliyopewa katika ofisi ya Mfuko alipokwenda kudai fao la uzazi. Karatasi ile ilionyesha michango ya miezi 29.

Nikahesabu mara ya pili, maana niliona aibu kumwambia. Miezi 29. Ili kufikia 36 ilipungua 7. Katika mfuko wake ilikwisha kutoka fedha ya miezi 48, lakini kwenye Mfuko ilifika ya 29. Ya miezi 19 iliishia njiani. Mkurugenzi wa shule hiyo, ambayo sitaitaja, alimwambia kwamba wazazi hawakulipa karo kwa wakati, hivyo fedha ile "ilitumika kwa chakula cha bweni." Mwalimu akaniuliza, "Basi mimi ndiye niliyewalisha watoto wa bweni?" Nilikosa neno la kumjibu. Tulimwandikia Meneja wa NSSF wa mkoa, tukaambatanisha nakala za hati zote 48, kwa kuwa kukata mshahara wa mtu na kutopeleka ni kosa mbele ya sheria, na Mfuko una wakaguzi wake na una uwezo wa kumdai mwajiri pamoja na adhabu ya kuchelewesha. Hadi ninapoandika haya shauri lake halijaisha. Mtoto amekwisha kuota meno.

Ndugu zangu, wizi una majina mengi. Aliyechukua jembe la jirani usiku tunamwita mwizi kijiji kizima. Aliyechukua 40,000 ya mwalimu kila mwezi kwa miezi 19 tunamwita Mheshimiwa Mkurugenzi, na kwenye harambee tunamketisha mbele.

Kwa hiyo kila mwalimu na ajue namba yake ya uanachama, na aulize michango yake walau mara 2 kwa mwaka. Siku hizi si lazima kusafiri hadi mkoani. Mfuko una njia za kumwonyesha mwanachama taarifa zake kwa simu ya mkononi. Asiyejua kutumia amwombe kijana wake. Na asingoje mimba ndipo aulize! Ukiuliza mwezi wa 8 wa mimba, ukakuta pengo la mwaka mzima, utalizibaje? Ukiliona pengo la miezi 2, waweza kwenda kwa mhasibu wa shule ukamwonyesha kwa upole, na mara nyingi huziba. Tena mwalimu anayehama shule asikubali kuandikishwa upya kwa namba nyingine. Namba ni moja maisha yote; michango ya shule ya kwanza na ya shule ya pili huhesabiwa pamoja.

Kuna ujanja mwingine ambao nimeusikia kwa wenzangu niliosoma nao chuoni. Shule humpa mwalimu mkataba wa Januari hadi Novemba, Desemba anakaa bila kitu, Januari anaandikishwa kama mgeni. Hivyo kila mwaka yeye ni mpya, na akionekana ana mimba mwezi wa Oktoba mkataba "umekwisha" tu, hakuna aliyemfukuza. Kanuni za kazi za mwaka 2017 zasema mkataba wa muda maalum usipungue miezi 12. Na sheria ile ya 2004 yasema kwamba kama mwajiriwa alikuwa na sababu ya haki ya kutazamia mkataba wake utaendelea, kutouendeleza ni sawa na kumwachisha kazi. Mwalimu aliyepewa mkataba mara 4 mfululizo, akakataliwa mara ya 5 kwa kuwa tumbo limeonekana, ana neno la kusema mbele ya Tume.

Tume ninayoitaja ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayojulikana kwa herufi CMA. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake huko. Kwa madai mengine, kama kunyimwa malipo ya likizo, ana siku 60. Siku hizo hupita upesi mno. Watu wetu wana tabia ya kungoja: wangoje Pasaka ipite, wangoje Paroko arudi kutoka safarini azungumze na mwenye shule, wangoje mjomba anayemfahamu mbunge. Mazungumzo ni mema, nami sikatazi. Lakini fomu ya Tume ijazwe wakati mazungumzo yanaendelea, maana hailipiwi ada, na Tume nayo huanza kwa kusuluhisha kabla ya kuamua.

Na kumwachisha mwanamke kazi kwa sababu ya mimba, sheria imekwisha kuita jambo hilo batili tangu mwanzo. Hakuna sababu ya kulihalalisha. Hapa nataka kusema neno ambalo huenda litawachukiza wachache. Katika baadhi ya shule, na za kwetu zimo, bibi mwalimu asiyeolewa akipata mimba huitwa ofisini na kuambiwa aandike barua ya kuacha kazi "kwa hiari," ati kwa ajili ya mfano mwema kwa wanafunzi. Sheria haiulizi cheti cha ndoa. Likizo ni siku zile zile 84, na fao ni lile lile. Kama kuna la kumwambia juu ya maisha yake, mahali pake pajulikana, na pana siri yake. Si mahali pa mhasibu. Mtoto anayekuja naye hajaajiriwa wala hajaachishwa, yeye anataka maziwa. Barua ya hiari iliyoandikwa mbele ya meza ya mkuu wa shule, huku mtu analia, mimi sijui hiari yake iko wapi. Bibi mwalimu, usiiandike siku hiyo. Sema utakwenda kufikiri, utoke nje.

Baba Mtakatifu Leo wa 13 aliandika juu ya ujira wa haki tangu mwaka 1891, na Yohane Paulo wa 2 mwaka 1981 aliandika kwamba kazi ipangwe hivi kwamba mama asiadhibiwe kwa kuwa mama. Barua hizo tumezifundisha sana katika semina. Zifike basi na katika daftari la mishahara.

Lakini si haki niandike upande mmoja tu, maana nimekaa pia katika kamati ya shule na nimeona jasho la mkuu wa shule. Mwalimu akienda likizo, shule inaendelea kumlipa, na papo hapo inatafuta mtu wa kushika madarasa yake. Mfuko haumrudishii mwajiri mshahara wa likizo. Shule ndogo huona mzigo huo, na ndipo wakuu wengine hupendelea kuajiri vijana wa kiume, au huuliza maswali yasiyofaa wakati wa usaili: "Umeolewa? Una watoto wangapi? Unatazamia wengine?" Maswali hayo ni ubaguzi, na sheria imekataza ubaguzi kwa ajili ya ndoa, jinsia au mimba tangu wakati wa kuomba kazi.

Tupige hesabu badala ya kuogopa. Mwalimu wa kushika nafasi kwa miezi 3, naye alipwe 400,000 ile ile, atagharimu shilingi 1,200,000. Shule yenye watoto 240 ikigawanya kwa watoto wote ni shilingi 5,000 kwa kila mtoto, mara moja. Haifikii bei ya kuku. Kamati ikiweka fungu la namna hiyo kila mwaka katika makadirio yake, haitashtuka hata kama walimu wa kike ni wengi. Tena uzazi si kama moto wa nyumba, unatoa taarifa kabla ya kufika. Kinachozishinda shule si gharama yenyewe. Ni kutoiandika mapema, na wazazi kutolipa karo hadi watoto wanarudishwa nyumbani. Hilo la pili lenu, wazazi. Yule mkurugenzi alitumia karo zenu kama udhuru, na udhuru wake haukuwa uongo mtupu.

Mzee mmoja wa jumuiya yetu aliposikia kwamba naandika habari hii aliniambia, "Karani, mke wangu alijifungua watoto 8, na kila mara baada ya wiki 3 alikuwa shambani. Nani alimlipa?" Hakuna aliyemlipa, babu, na haikuwa vema. Wala sioni kwamba kwa kuwa bibi aliumia, yapasa mjukuu naye aumie. Lakini swali la mzee lina uzito wake, kwa kuwa wengi wetu hatuna mwajiri wa kumdai likizo. Ila Mfuko siku hizi hupokea pia wanaojiajiri wenyewe: wakulima, wavuvi, mama lishe, mafundi. Atakaye aende ofisi ya NSSF aulize masharti na mafao ya wachangiaji wa namna hiyo, maana hayalingani kwa kila jambo na yale ya walioajiriwa.

Akina baba msidhani mmesahauliwa. Sheria ya 2004 inampa baba siku 3 za likizo yenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa, basi. Kenya, kwa sheria yao ya ajira ya mwaka 2007, baba hupewa wiki 2, na mama miezi 3. Siku 3 ni chache, lakini si za kukaa kilabuni kupongezwa na wenzako. Ni za kuchota maji, kupasua kuni, na kwenda kuandikisha kizazi cha mtoto.

Na hilo la kuandikisha nalieleza kwa sababu kila mwezi nasumbuliwa nalo. Watu huja kwangu kuomba cheti cha ubatizo wakapeleke kwenye Mfuko au kwenye bima ya afya. Cheti cha ubatizo si cheti cha kuzaliwa. Cha kuzaliwa hutolewa na RITA, nacho huanzia kwenye tangazo la kizazi mnalopewa kituoni mtoto anapozaliwa. Karatasi ile msiifungie maandazi. Mwenye kudai fao ashike pia kadi ya kliniki na maandishi ya hospitali, namba yake ya uanachama, barua ya mwajiri na hati zake za mshahara. Aende mapema, asikae hadi mtoto atambae.

Kuhusu watoto njiti, mama mmoja aliniandikia akiuliza: mtoto wake alizaliwa mimba haijatimia, akakaa naye hospitali siku nyingi, na siku za likizo zikaishia wodini. Sheria za kazi zilifanyiwa mabadiliko mwaka 2025, na sasa mama wa mtoto njiti anaongezewa kipindi kilichobaki hadi kutimia wiki 40 za mimba, juu ya zile siku 84. Aombe daktari aandike wazi mimba ilikuwa na wiki ngapi siku aliyojifungua, kwa kuwa hesabu yote itashika hapo.

Akirudi kazini, mama hurudi kwa masharti yale yale aliyoyaacha. Asipewe mshahara mdogo, wala asiambiwe kwamba ile likizo ya Juni au ya Desemba ndiyo ilikuwa likizo yake ya uzazi, maana likizo ya mwaka haiwekwi mahali pa likizo ya uzazi. Na mtoto akiwa bado ananyonya, mwajiri yampasa kumruhusu mama amnyonyeshe katika saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Katika shule jambo hili si gumu hata kidogo: mwalimu wa taaluma anayepanga ratiba ampe mama vipindi vya asubuhi, amwachie vya mwisho. Nimeona shule moja ya masista iliyotenga chumba kidogo karibu na stoo ya vitabu, chenye mkeka na beseni. Walimu watatu walikitumia mwaka huo, na hakuna kipindi kilichokufa.

Mwezi ujao kamati nyingi za shule zitaketi kupanga makadirio. Wajumbe wanaosoma barua hii na waombe waonyeshwe stakabadhi za NSSF za mwaka mzima, mwezi kwa mwezi, pamoja na orodha ya majina. Wasikubali kuambiwa tu kwamba "zimelipwa." Na mabibi walimu walio katika parokia yetu, wenye hati za mshahara wasizozielewa, nipo ofisini Jumanne na Alhamisi baada ya Misa ya asubuhi hadi saa 6. Waje nazo zote, zikiwa zimepangwa kwa miezi kama zile nilizozieleza, na waje na namba ya uanachama. Jumamosi sipo, ni siku ya mafundisho ya wachumba.

Ndimi wenu,
Karani wa Parokia